Kutu ya Davis-Besse: kampuni ya nyuklia inanaswa kwa barua zake

Habari zenu watazamaji wangu huko nyumbani, hasa nyinyi wa Kilifi na Siaya mnaohubiriwa kwamba kinu cha nyuklia kikijengwa kwenu kitakuwa salama na msiwe na wasiwasi. Leo tuiangalie Davis-Besse, kinu cha umeme wa nyuklia cha kampuni ya FirstEnergy, kilichoko ukingoni mwa Ziwa Erie, jimbo la Ohio, hapa Marekani.

Maji yanayozunguka ndani ya kinu cha aina hiyo yana tindikali ya boroni. Yakivuja juu ya kifuniko cha chuma cha mtungi wa kinu, joto huyakausha, tindikali inabaki ikila chuma. Hapo yalivujia kwenye ufa wa nozeli namba 3, kati ya nozeli 69, yaani mabomba yanayopenya kifuniko hicho. Dalili zilikuwepo. Aprili 2000 kutu nyekundu ilipigwa picha ikichuruzika kwenye matundu ya kifuniko. Vichujio vya vipimo vya mionzi hewani navyo viliziba kwa vumbi la kutu, ikabidi vibadilishwe kila baada ya siku chache.

Agosti 2001 NRC, mdhibiti wa nyuklia wa serikali ya Marekani, alitaka vinu vya namna hiyo vikaguliwe kufikia 31 Desemba. FirstEnergy ikaandika kwamba kifuniko kilikwisha kukaguliwa, bila kueleza wazi kuwa boroni iliyorundikana ilificha sehemu yake. NRC ilikuwa imeandaa amri ya kukizima, haikuitoa. Kinu kikaendelea hadi 16 Februari 2002. Machi wakakuta shimo: chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 15 kimeliwa chote, imebaki ngozi ya ndani isiyofika sentimita 1, nayo ndiyo iliyokuwa ikizuia maji yenye shinikizo la takribani mara 150 ya hewa tunayovuta.

Sasa sikilizeni vizuri. Kilichowafikisha FirstEnergy mahakamani ni zile barua walizomwandikia NRC, zilipolinganishwa na video na daftari zao wenyewe za ukaguzi. Mwaka 2005 NRC iliwatoza faini ya dola milioni 5.45. Mwaka 2006 wakakubali kulipa dola milioni 28 na kukiri kwamba serikali ingeweza kuthibitisha kuwa wafanyakazi wao walitoa taarifa za uongo kwa kujua. Wahandisi wawili walitiwa hatiani, wakapata kifungo cha nje. Bosi wa juu hata mmoja hakushtakiwa, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo msiulize tu, "Je, ni salama?" Jibu lake ni ndiyo kila siku. Ombeni kwa maandishi vipimo ghafi vya eneo, siyo muhtasari wa kurasa mbili. Ulizeni nani ametia saini na ni kitu gani hakikupimwa. Kinu kikijengwa, ulizeni ni asilimia ngapi ya kifuniko ilionekana kwa macho, na video iko wapi. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Wakikataa, mna siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tunzeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa.