Kigae cheusi na kigae cha kijani

Asanteni, karibuni, na nyie mliosimama kule mlangoni njooni mbele jamani viti vipo. Leo sina projekta, nimekuja na vigae viwili tu, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, ni vya kufundishia, vina namba zake na kesho vinarudi kwenye boksi lao.

Hiki cha kwanza najua wote mtakipenda. Kijani, ule ukijani wa maji ya bahari asubuhi kabla jua halijapanda, kinateleza, ukikigonga kwa kucha kinalia. Kimetoka China, Longquan, jimbo la Zhejiang, kikachomwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200, kikapakiwa chomboni, kikashushwa bandari hii kikapakiwa bandari ile, mpaka upepo wa kaskazi ukakifikisha huku kwetu. Hiki cha pili ni kipande cha shingo ya chungu, chekundu kimeingia weusi, masizi bado yamo, na hapa chini ya mdomo mtu amechora pembetatu kwa kijiti, mstari wa pembetatu zimefuatana, na ndani ya kila moja kuna mistari ya mshazari. Hiki kina zaidi ya miaka elfu moja na kilifinyangwa hapahapa pwani.

Mimi nikiambiwa nichukue kimoja nachukua hiki cheusi, na jioni hii nataka niwaeleze kwa nini.

Mwaka 1955 alikuja Tanganyika mwanaakiolojia mmoja mkubwa wa Uingereza, Mortimer Wheeler, akatembea mpaka Kilwa, akaona vipande vya kaure ya Kichina, vyombo vya kung'aa kama hiki cha kijani, vimezagaa kiasi cha kuzolewa kwa koleo, akasema historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, kuanzia karne ya 10 na kuendelea, imeandikwa kwa kaure ya Kichina. Maneno matamu yale, na kwa upande wa kupima umri hakukosea, maana kaure ni kama saa, mitindo ya China inajulikana ilianza lini ikaisha lini, kwa hiyo ukikuta kipande kwenye tabaka fulani la udongo unajua tabaka lile haliwezi kuwa la zamani kuliko kile kipande. Mwanaakiolojia James Kirkman alitumia saa hiyohiyo pale Gedi, Kenya, alipoanza kuchimba mwaka 1948, na mwenzake Neville Chittick pia kule Kilwa miaka ya 1960.

Shida ilianza pale kigae kilipoulizwa swali lisilo lake. Watu wakaona sahani za China, mitungi ya rangi ya feruzi ya Ghuba ya Uajemi, bakuli za njano za Yemeni, wakasema basi waliojenga hii miji ni wageni, walikuja na vyombo vyao wakajenga misikiti wakakaa. Sasa hebu fikiria mtu aje kwako baada ya miaka 700, akute tivi na simu na sahani zote za kutoka China, aseme hapa aliishi Mchina. Wakati jikoni kuna chungu, mbuzi ya kukunia nazi na mwiko, na hakuna aliyeviuliza.

Na hivyo vya jikoni ndo vingi! Ukichimba mji wowote wa pwani ukavimwaga vigae mezani ukaanza kuvitenga, fungu la kutoka nje mara nyingi halifiki hata kimoja kwa kumi, vilivyobaki vyote ni vya udongo wa hapa. Miaka mingi havikuheshimiwa, Chittick mwenyewe hivi vya mwanzo aliviita tu vyombo vya jikoni. Baadaye mwanaakiolojia Mark Horton akaviita mapokeo ya Tana, kutokana na mto Tana wa Kenya, na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akavipa jina la hizi pembetatu zenyewe. Wataalamu wamebishana sana kuhusu jina, mimi hilo silikalii, muhimu ni vinapopatikana. Vipo visiwa vya Lamu, vipo Unguja Ukuu, vipo Kilwa, vipo mpaka Msumbiji na Komoro, na siyo pwani tu, vimekutwa Dakawa kule Morogoro, karibu kilomita 200 kutoka baharini, pamoja na mabaki ya kuyeyushia chuma. Yaani kuanzia kama karne ya 7 mpaka ya 10 kulikuwa na akina mama na akina bibi, maana ufinyanzi huku kwetu sehemu nyingi ni kazi ya wanawake, wanachora pembetatu zilezile chini ya mdomo wa chungu, bara na pwani, kutoka kaskazini hadi kusini.

Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti mingine, mmoja juu ya mwenzake, ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, midogo sana, ya karne ya 8 huko. Na vyungu je? Kuanzia tabaka la chini kabisa ni hivihivi, vya kwetu, na vinabadilika polepole kutoka tabaka moja hadi jingine bila kukatika. Sasa huyo mgeni aliyejenga mji alipikiwa na nani karne zote hizo? Waliosali pale na waliopika pale ni watu walewale wa pwani, dini imekuja kwa jahazi, chungu kilikuwepo.

Alafu chungu kinasema na mambo ambayo kaure haiwezi kuyasema. Pemba kuna mahali panaitwa Tumbe, mji wa karne za 7 mpaka 10, na jirani yake Chwaka, uliokuja baadaye. Wachimbaji walichuja udongo kutafuta punje zilizoungua, wakakuta Tumbe watu walikula zaidi mawele, lakini Chwaka mchele unapanda, unapanda mpaka unashika nafasi. Sasa angalieni vyombo vya wakati huohuo, mwanzoni vingi ni vyungu vya shingo, vya kupikia, baadaye bakuli za mdomo mpana zinaongezeka, na hizo si za kupikia, ni za kupakulia! Watu wameanza kukaa pamoja wakazunguka chombo kimoja wale wali, na mwenye wali na bakuli nzuri ndiye anayeita wageni. Sisi hapa tukikaa watu wanne kwenye sinia moja la pilau kwenye harusi tunafanya jambo ambalo limeacha alama zake ardhini miaka karibu elfu.

Hapo sasa ndipo hiki cha kijani kinapoingia, na mimi sikichukii, sivyo kabisa. Kilikuja kukaa katikati ya watu ambao tayari walijua thamani ya kupakua vizuri. Walikitia kwenye zidaka za ukutani, wakakijengea kwenye dari za kuba kule Songo Mnara, wakakipachika kwenye nguzo za makaburi, Mambrui, Kunduchi, makaburi marefu yana bakuli zimeingizwa kwenye chokaa zinamwangalia mtu. Wachina hawakufanya hivyo na sahani zao, watu wa huku ndivyo walivyozitumia. Na mtakumbuka hata kombe, ile aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa, mgonjwa anakunywa, sahani kwetu haikuwa chombo cha kulia tu. Leo ukienda Kunduchi utakuta matundu ya duara kwenye nguzo, bakuli zimebanduliwa, mtu kaja na patasi. Inaniuma sana, kwa sababu aliyebandua kapata kipande cha kuuza na kaburi limepoteza jicho.

Kuna kitu kingine cha mwisho nilitaka mkione, mchoro wake nimeubandika hapo mezani. Kilwa na Shanga wamepata vigae vya vyungu vilivyovunjika vikasuguliwa mpaka vikawa duara, kama sarafu kubwa, na katikati tundu. Ni vya kusokotea uzi wa pamba, unakipachika chini ya kijiti kinakuwa uzito, kijiti kinazunguka uzi unajisokota. Chungu kimevunjika jikoni, mama hakukitupa, kakaa kakisugua juu ya jiwe, kakitoboa, kakifanyia kazi nyingine, na nguo ikatoka.

Haya, hiki cheusi nakizungusha kwenu sasa, mkishike kwa mikono miwili tafadhali. Ukikipata kigeuze, tazama upande wa ndani chini ya shingo, kuna bonde dogo, weka kidole gumba chako hapo. Kitaingia chenyewe, maana hapo ndipo alipobonyeza yeye wakati udongo bado mbichi.