Ardhi Hii ni ya Nani? Kutafuta Pa Kulala Bure na Gari-Nyumba

ZAINABU: Karibuni tena. Swali la leo limetujia kwa wingi: huku magharibi ya Marekani, mwenye gari-nyumba atapata wapi pa kulala bila kulipa, mbali na nyaya za umeme na mabomba ya maji? Kaka Idi, jangwa unalijua kunishinda.

IDI: Asante, dada. Watu huanza kwa kuuliza pazuri ni wapi. Mimi naanza na ardhi ni ya nani. Nevada, takriban asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu. Texas haifiki hata asilimia 3. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, lakini Nevada atachagua pa kulala, Texas atahangaika.

ZAINABU: Na si kila ardhi ya serikali inalalika.

IDI: Ndiyo, hapo wengi huteleza. Jua mashirika mawili ya serikali kuu yanayosimamia ardhi. BLM, yaani Bureau of Land Management, ina ekari kama milioni 245, nyingi ni jangwa na nyika. U.S. Forest Service ina misitu ya taifa, ekari kama milioni 193. Sehemu kubwa ya ardhi hizo unaruhusiwa kupiga kambi nje ya viwanja rasmi, bure, mradi hakuna kibao cha kukataza. Hifadhi za taifa usizichanganye na hizi. Kule, kulala kando ya barabara ni kutafuta faini.

ZAINABU: Kwa siku ngapi?

IDI: BLM kwa kawaida ni siku 14 katika kila siku 28, kisha unahamia mbali. Misitu inatofautiana, kwa hiyo pigia simu ofisi ya msitu unaokwenda.

ZAINABU: Niongeze la Quartzsite, mji mdogo wa jangwani kule Arizona, maana linachanganya. La Posa, eneo la BLM la kukaa muda mrefu, inalipiwa kwa msimu wa Septemba 15 hadi Aprili 15. Lakini ukienda Plomosa Road au Scaddan Wash, BLM ile ile, unakaa siku 14 bila kutoa senti. La Posa unalipia maji na mahali pa kumwagia tangi la choo, na mwenye kukaa miezi mingi atasema inamfaa.

IDI: Kweli. Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe. Programu za simu kama iOverlander nazitumia, lakini zinakuonyesha walikolala wenzako. Ndiyo maana Ijumaa jioni unakuta pamejaa. Msituni, chukua ramani ya Forest Service inayoitwa MVUM, yaani Motor Vehicle Use Map. Haina malipo, na inaonyesha kila barabara iliyoruhusiwa magari. Ukiona vinukta pembeni mwa barabara, hapo unaruhusiwa kuingiza gari kando ukapiga kambi. Kisha fungua picha za setilaiti, uifuate barabara hiyo polepole. Utaona vipara vya udongo, duara la mawe ya meko, alama za magari yaliyogeuza.

ZAINABU: Kugeuza! Kabla ya uzuri wa mandhari, hakikisha utaweza kutoka.

IDI: Hasa ukiwa unavuta trela.

ZAINABU: Na setilaiti haikuambii mchanga ni laini kiasi gani. Niliwahi kuvuka korongo kavu lililoonekana gumu kabisa, magurudumu ya nyuma yakazama. Nilichimba kwa koleo mchana kutwa, nikapunguza upepo wa matairi ndipo likatoka. Tangu siku ile nasimama lami inapoishia, nashuka, natembea kwa miguu hadi mahali penyewe. Na nafika saa tisa alasiri, maana gizani huwezi kusoma udongo.

IDI: Kwenye korongo kavu usilale, hata anga likiwa jeupe. Mvua ikinyesha milimani, mbali usikoona, maji yanakufuata kitandani.

ZAINABU: Kuna jambo linaniuma, kaka. Maeneo ninayoyapenda yanafungwa moja baada ya jingine kwa sababu ya takataka na maji ya choo yaliyomwagwa chini. Ukikuta mfuko wa mwenzio aliyeondoka, uchukue.

IDI: Mimi hubeba mifuko miwili, mmoja wangu, mwingine wa niliyemkuta hayupo. Na gari liweke mahali palipokwisha kukanyagwa, usifungue kipara kipya. Maji machafu yabaki tangini mpaka kituo cha kumwagia. Kwa hiyo kabla ya kuacha mji, tangi safi lijae, machafu liwe tupu, betri zimejaa.

ZAINABU: Na moto?

IDI: Duara la mawe ulilolikuta si ruhusa. Uliza asubuhi ile ile, kwa sababu kiangazi amri ya kuzuia moto hutolewa wakati wowote. Ikiwepo, pika kwenye jiko la gesi, pale linaporuhusiwa, na kuni uziache zilipo.