Bao la Nne: Salamu kwa Wanayanga kutoka Houston

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na wadogo zangu, hamjambo. Leo ni Jumapili, tarehe 25 Februari 2024, na hapa Houston, Texas, ni saa 3 asubuhi, wakati kwenu Dar es Salaam ni saa 12 jioni. Mtaniwia radhi kwa sauti hii, kwa maana imekauka tangu jana na chai ya tangawizi niliyokunywa usiku haijaisaidia. Nimezoea kuwaletea habari za maisha ya huku, za kazi, za vibali na za kodi ya nyumba, lakini leo nina jambo moja tu kifuani: Yanga imeifunga CR Belouizdad ya Algeria mabao 4 kwa 0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, nayo imeingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nataka tulizungumze bao la nne, kwa sababu naamini aliyelielewa bao lile ndiye anayeelewa kwa nini jana watu wazima walilia.

Kuna rafiki yangu mmoja, asiyefuatilia sana mpira, aliyenipigia simu jana akaniuliza kwa nini tulishangilia bao la nne kuliko la kwanza, ilhali mechi ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Nilimjibu kwamba mechi ilikuwa imeamuliwa, ila kufuzu kulikuwa bado, maana katika kundi la timu nne ni mbili za juu tu zinazopita. Kumbukeni tulikotoka. Tarehe 24 Novemba mwaka jana tulianza kundi hili kwa kufungwa na hawahawa Belouizdad mabao 3 kwa 0 kule Algiers. Tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Al Ahly ya Misri nyumbani, kiungo wetu Pacome Zouzoua akisawazisha dakika za mwisho kabisa. Tukatoka sare nyingine kama hiyo na Medeama ya Ghana kule Kumasi. Kisha tukawafunga Medeama 3 kwa 0 kwa Mkapa. Tulipofika jana, sisi tulikuwa na pointi 5 na Belouizdad walikuwa na pointi 5. Ushindi wowote ungetupa pointi 8, lakini wao wangebaki na mechi moja mkononi, na wakiishinda wangetufikia. Katika mashindano haya timu zikilingana pointi hutazamwa kwanza zilivyokutana zenyewe kwa zenyewe. Ushindi wa 1 kwa 0 au 2 kwa 0 ungetuacha nyuma yao katika hesabu hiyo. Ushindi wa 3 kwa 0 ungetuweka sawa nao, nasi tungelala tukiwa na wasiwasi hadi wiki ijayo. Ni bao la nne pekee lililotupandisha juu yao, 4 kwa 3, mahali ambapo hakuna matokeo yoyote ya mechi za mwisho yanayoweza kutushusha.

Shabiki wa Yanga hahitaji kufundishwa hesabu ya namna hii, kwa sababu ilikwisha kumwumiza. Bado haijatimia miezi tisa tangu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tulipofungwa na USM Alger mabao 2 kwa 1 nyumbani, kisha tukaenda Algiers tukawafunga 1 kwa 0 kwenye uwanja wao, jumla ikawa 2 kwa 2, na bado tukarudi bila kombe kwa sababu ya bao moja zaidi walilolifunga ugenini. Tulishinda usiku ule, tarehe 3 Juni 2023, na ushindi wetu ukaishia kuwa msiba. Kaka yangu mkubwa hakuzungumza na mtu kwa siku mbili. Kwa hiyo jana, mabao yalipofika matatu, sikumwona hata mtu mmoja katika chumba chetu aliyekaa kitako kwa raha; kila mmoja alikuwa anahesabu kwa midomo.

Nisimulie basi kuhusu chumba chenyewe. Tulikuwa kama watu ishirini nyumbani kwa familia moja ya Tanga, ambao wamekuwa wakitukaribisha kila Yanga inapocheza mechi kubwa. Palikuwa na supu, chapati na chai ya maziwa, maana huku kwetu mechi ilianguka asubuhi. Kuna mzee wetu mmoja, sitamtaja jina kwa kuwa hakuniruhusu, ambaye mwaka 1998 alikuwa kijana wa Kariakoo na aliiona Yanga ilipocheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza, katika kundi lenye Raja Casablanca, ASEC Mimosas na Manning Rangers, ikamaliza mkiani. Baada ya hapo alisubiri miaka 25 kuiona tena Yanga katika makundi ya mashindano hayo. Alikuja na karatasi na kalamu. Juu ya karatasi aliandika "Algiers 3–0", akaacha nafasi tupu chini yake, akaiweka mezani mbele ya televisheni na kutukataza tusiiguse.

Nyumbani nako walikuwa wamejiandaa kwa namna yao. Mnajua kwamba klabu iliipa siku ya jana jina la Pacome Day, na kwamba mashabiki walihimizwa kupaka nywele zao rangi ya dhahabu kama alivyozipaka Pacome mwenyewe. Mdogo wangu wa mwisho, anayeishi na mama Mbagala, alitoka kinyozi Ijumaa jioni akiwa na nywele za namna hiyo. Mama, ambaye ni mtu wa heshima na wa kanisa, alimtazama kwa muda mrefu na kumwambia kwamba Jumatatu asiende kazini na kichwa kile. Mimi nilipoiona picha niliona kitu kingine kabisa. Kijana wa Kitanzania amempenda kiungo kutoka Ivory Coast, aliyefika Jangwani, makao ya Yanga, miezi saba tu iliyopita, kiasi cha kutaka kufanana naye, na maelfu wengine jukwaani wamefanya vivyo hivyo. Nilipoziona nywele zile katika kamera za uwanjani nilitamani sana niwe pale; nimeishi huku miaka minane na sikumbuki siku ambayo umbali ule uliniuma zaidi ya jana.

Bao la kwanza lilifungwa na Mudathir Yahya dakika ya 43, wakati ambapo kimya kilikuwa kimeanza kutuingia. Mapumziko yakaja, na waliporudi, kabla hatujamaliza hata kumimina chai, Aziz Ki akafunga la pili na Kennedy Musonda akafunga la tatu papo hapo. Sijawahi kuona timu ya Afrika Kaskazini ikichanganyikiwa kiasi kile mbele ya timu yetu. Wale ni mabingwa wa Algeria, wametoka sare na Al Ahly mara mbili katika kundi hili bila kufungwa bao, na kwa muda mfupi ule walionekana kama watu waliopotea njia katika mji wasioujua. Kocha Miguel Gamondi anastahili sifa kwa hilo, kwa sababu timu yake haikurudi nyuma kulinda. Iliendelea kushambulia kama timu iliyo nyuma kwa mabao.

Kisha ikaja nusu saa ndefu kuliko zote nilizopata kuzikaa. Matokeo yalikuwa 3 kwa 0, sawasawa na yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mzee. Mdogo wangu alikuwa uwanjani, kwenye majukwaa ya mzunguko, nami nilikuwa nimempigia simu, akaiacha wazi mfukoni mwa shati ili nisikie uwanja. Nilichokisikia ni watu kuhesabiana. Sauti ya mama mmoja karibu naye ilikuwa inarudia, "Moja tu, wanangu, moja tu." Mwingine alikuwa anamweleza jirani yake, kwa upole kabisa kama mwalimu, kwamba matatu hayatoshi na kwa nini hayatoshi. Jukwaa zima lilikuwa limesimama, na hakuna aliyekuwa anaimba kwamba tumeshinda, ingawa tulikuwa mbele kwa mabao matatu.

Dakika ya 84 picha yetu ilikwama. Matangazo tuliyokuwa tunayatazama kwa intaneti yalikuwa yanachelewa tangu mwanzo, na wakati huo yakasimama kabisa, mpira ukiwa bado miguuni mwa mchezaji wetu. Ndipo kutoka kwenye simu yangu ikatoka sauti ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ilianza kama pumzi ya watu wengi kwa pamoja, ikapanda, kisha simu ikashindwa kuibeba, ikawa mkwaruzo mtupu. Tulijua. Watu ishirini tuliruka kwa ajili ya bao ambalo hatukuwa tumeliona, huku televisheni ikiwa bado inatuonyesha 3 kwa 0. Picha iliporudi, Joseph Guede alikuwa tayari amefukiwa chini ya wenzake, nasi tukashangilia mara ya pili. Mzee hakuruka. Aliinama mezani, akaandika "Dar 4–0" chini ya ile ya Algiers, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Nina deni kwa Guede, nami nalilipa hapa hadharani. Alipokuja Januari, nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba si mshambuliaji wa kiwango cha Yanga. Tangu Fiston Mayele aondoke mwaka jana kwenda Pyramids ya Misri, sisi mashabiki tumekuwa tukimpima kila mshambuliaji kwa kipimo cha Mayele, na kipimo hicho ni kikali mno kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Mabao yetu mengi yamekuwa yakitoka kwa viungo, kwa Aziz Ki, kwa Pacome, kwa Maxi Nzengeli, kwa Mudathir, na tukajenga mazoea ya kusema kwamba mbele hatuna mtu. Jana, katika bao lililokuwa na uzito kuliko yote ya msimu huu, mtu alikuwepo. Nilisema maneno yale mbele ya kamera hii, kwa hiyo ni haki niombe radhi mbele ya kamera hiihii.

Baada ya kipenga cha mwisho simu yangu ilijaa. Binamu yangu wa Mbeya alinitumia video ya kibanda umiza ambako watu walikuwa wametoka wote nje, wamemwacha mwenye kibanda peke yake na televisheni yake, wanazunguka barabarani na bodaboda zilizofungwa bendera za kijani na njano. Shangazi yangu wa Morogoro, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, aliniandikia neno moja tu, "Tumepita." Nalipenda neno hilo kwa sababu ya "tu" iliyo mwanzoni mwake. Mama naye nilimpigia usiku wa kwenu, nikakuta nyumba imejaa majirani, akaniambia kwamba amefikiri upya kuhusu nywele za mdogo wangu na kwamba anaweza kubaki nazo hadi Ijumaa, Yanga ikishamaliza mechi ya Cairo.

Ujumbe ulionigusa zaidi ulitoka kwa mtani. Rafiki yangu wa utotoni ni Simba wa damu, na timu yake ilikuwa imetoka sare ya 0 kwa 0 na ASEC Mimosas kule Abidjan siku moja kabla. Aliniandikia, "Hongereni, mmeipata kwa hesabu, sisi tunaijua hesabu hiyo." Nilielewa alichokisema. Oktoba 2021 Simba iliwafunga Jwaneng Galaxy 2 kwa 0 kule Botswana, ikafungwa 3 kwa 1 kwa Mkapa, ikatolewa kwa mabao ya ugenini. Jumamosi ijayo wanakutana na Jwaneng walewale, kwa Mkapa palepale, wakihitaji ushindi ili wafuzu. Najua baadhi yenu hamtapenda kulisikia hili kutoka kwangu, lakini nitawaombea washinde. Nikiwa huku, mtu akiniuliza natoka wapi, husema Tanzania, na ningependa sana kumwambia kwamba nchi yangu ina timu mbili katika nane bora za Afrika.

Ila kabla ya Jumamosi yao kuna Ijumaa yetu. Al Ahly wana pointi 9, sisi tuna 8, na atakayeshinda Cairo ataongoza kundi. Wapo wanaosema kwamba tukishafuzu mechi ile haina maana, twende tukapumzishe wachezaji. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu anayemaliza wa kwanza hukwepa kukutana na vinara wa makundi mengine katika robo fainali, tena humaliza mechi ya pili nyumbani, na jana tumeona nyumbani kunaweza kufanya nini. Hapa kazini nimekwisha kubadilishana zamu na mwenzangu mmoja kutoka Ethiopia, aliyenikubalia kabla sijamaliza kueleza.

Karatasi ya mzee imebaki pale mezani kwa familia ya Tanga. Jana wakati tunaaga, mwenye nyumba alitaka kuiondoa ili afute meza, mzee akamzuia kwa mkono. Akaigeuza upande wa pili, akaandika "Ahly 9, Yanga 8", akaacha nafasi tupu chini yake, na kutuambia kwamba Ijumaa tusichelewe.