Limetokea Baadaye, Je, Limetokana Nalo?

JUMA: Karibuni tena. Leo ni hoja potofu, zile zinazosikika vizuri ila ukizikagua hazisimami. Dada Rehema, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja aina 13 katika kitabu kimoja tu. Unaanza na ipi?

REHEMA: Asante, kaka. Nyingine zinajulikana. Ukimwonyesha mtu kosa kwenye hesabu zake akakujibu "kwani wewe nani?", kila anayesikiliza anaona hoja imeachwa, ameandamwa mtu. Inayonitia wasiwasi ni ile isiyoonekana: jambo hili limefuata lile, basi lile ndilo chanzo.

JUMA: Nayo ni ya kale.

REHEMA: Ya kale sana. Aristotle mwenyewe anamtaja Demades, mwanasiasa wa Athene, aliyedai siasa za mwanasiasa mwenzake Demosthenes ndizo zilizoleta maafa yote, kwa kuwa vita vilifuata.

JUMA: Lakini mtu akijionea kwa macho yake, mara kumi, mara ishirini, si ushahidi huo?

REHEMA: Hapo sasa! Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Akawaambia sifa hujenga kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja akakataa katakata: nikimsifu aliyerusha ndege vizuri, mara inayofuata anaboronga, nikimfokea aliyeboronga, mara inayofuata anafanya vizuri.

JUMA: Na hakuwa mwongo.

REHEMA: Hata kidogo. Aliyoyaona yalitokea kweli. Ila anayefanya vizuri kupita kawaida yake amebebwa kidogo na bahati, na bahati haikai. Umsifu usimsifu, atarudi karibu na wastani wake. Aliyeboronga naye atapanda, umfokee usimfokee. Kahneman akachora shabaha sakafuni, kila mkufunzi akaipa mgongo, akarusha sarafu mbili bila kutazama. Wakapima. Waliokaribia zaidi mara ya kwanza, wengi wakaharibu ya pili. Waliokosea mbali, wengi wakasogea. Na hapo hakuna aliyesifiwa wala kufokewa.

JUMA: Lo!

REHEMA: Mimi nawahurumia wale wanafunzi. Unafokewa miaka na miaka, na anayekufokea ana hakika anakusaidia, maana kila siku anaona matokeo.

JUMA: Dada, umenigusa. Mimi mgongo ukiniuma navumilia, navumilia, mpaka siku ya tano nashindwa hata kuinama kufunga viatu. Hapo ndipo natafuta dawa ya kuchua. Kesho yake nafuu! Nimeshawasifia watu watano dawa ile.

REHEMA: Ulichua maumivu yakiwa kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka. Ndiyo maana majaribio ya dawa huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa dawa, wale kidonge kitupu. Makundi yote mawili yatapata nafuu ya kawaida. Tofauti inayobaki baina yao ndiyo kazi ya dawa.

JUMA: Kwa hiyo dawa yangu haifai kitu?

REHEMA: Sikusema hivyo, kaka, na ukisema hivyo umeangukia kosa jingine. Hoja ikiwa mbovu, jambo lenyewe bado laweza kuwa kweli. Pengine inafaa. Ila hiyo nafuu ya kesho yake haitoshi kutuambia.

JUMA: Basi wale watano nitawapigia leo. Nitawauliza: siku mliyoanza kuchua, maumivu yalikuwa yamefika wapi?