Kuiondoa TikTok kwenye kishkwambi cha mradi, na kuizuia isirudi

Assalam alaykum mtazamaji. Hapa mezani tuna kishkwambi cha Android cha mradi, na barua imeshafika ofisini: TikTok itolewe kwenye vifaa vyote vya kazi. Barua za namna hii zinafika Unguja na Pemba hata kama hazikuandikwa Vuga wala Dodoma, kwa sababu fedha za mradi zinatoka kule ilikotoka amri.

Maneno machache kuhusu amri zenyewe, kisha tushike kifaa. Marekani ilipitisha sheria yake Desemba 2022, na mwisho wa Februari 2023 taasisi zake zikapewa siku 30 kusafisha vifaa. Kamisheni ya Ulaya iliwapa watumishi wake mpaka tarehe 15 Machi 2023. Kanada, Uingereza na Australia nazo zikafuata mwaka huohuo. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: ilikataza programu za burudani kwa jumla kwenye simu za watumishi, Netflix na Candy Crush zikiwemo.

Inayotugusa zaidi huku ni kanuni ya manunuzi ya Marekani ya Juni 2023. Mwenye mkataba na serikali ya Marekani haruhusiwi kuwa na TikTok kwenye kifaa kinachotumika kutekeleza mkataba ule, na simu yako mwenyewe inaingia humo ikiwa unaifanyia kazi ya mkataba. Wengi wanasafisha kishkwambi cha ofisi, halafu ripoti wanaituma kwa simu yao ya mfukoni yenye TikTok. Hapo kazi yote imekwenda bure.

Basi hatua ya mwanzo ni kuisoma barua. Imetaja TikTok peke yake, au programu zote za ByteDance, kampuni iliyoitengeneza TikTok? CapCut unayokatia video nayo ni ya ByteDance. Barua ikiwa haisemi wazi, uliza kwa barua pepe, na jibu ulihifadhi. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya ukaguzi.

Kwa nini TikTok na si nyengine? ByteDance ina makao yake China, na sheria ya ujasusi ya China ya mwaka 2017 inazitaka kampuni kusaidia kazi za ujasusi zikitakiwa. TikTok inakana kwamba imewahi kuipa serikali ile taarifa za watumiaji. Lakini Desemba 2022 ByteDance yenyewe ilikiri kwamba wafanyakazi wake walizifungua taarifa za waandishi wa habari bila ya idhini. Sisi hapa Zanzibar, ukitazama vizuri, WhatsApp ni ya wageni, Instagram ya wageni, X ya wageni. Kwa hivyo usishughulike na pasipoti ya programu peke yake. Shughulika na kilichomo ndani ya kifaa: namba za masheha, picha za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, majina ya wagonjwa. Programu yoyote uliyoipa ruhusa ya majina na picha inaweza kuviona vitu hivyo.

Haya, tuanze. Kifaa kiwe na chaji zaidi ya nusu, na kiwe kwenye Wi-Fi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii utajuta.

Kabla ya kufuta chochote, fungua programu mnayokusanyia data za mradi kwa fomu, KoboCollect au ODK Collect, yoyote mnayotumia. Ingia kwenye fomu zilizo tayari kutumwa, chagua zote, tuma. Kisha rudi nyuma uangalie rasimu. Rasimu haitumwi mpaka uikamilishe, na hapa ndipo data zinapopotea: mkusanyaji alikuwa Makangale, mtandao dhaifu, fomu akaiwacha nusu, halafu kifaa kinafutwa na fomu inakwenda nacho. Fomu hizi zinakaa ndani ya kifaa, haziko popote pengine mpaka zitumwe. Msimamizi afungue komputa ahesabu zilizofika. Hesabu zikilingana, tunaendelea. Zisipolingana, simama hapo hapo.

Sasa fungua TikTok yenyewe. Ndiyo, tunaifungua kabla ya kuitoa. Bonyeza wasifu, kisha mistari mitatu juu kulia, ingia kwenye mipangilio na faragha, kisha faragha, halafu tafuta sehemu ya kuoanisha majina ya simu. Zima. Chini yake kuna pahala pa kuondoa majina yaliyokwisha kuoanishwa. Bonyeza hapo pia. Ukiitoa programu bila ya kufanya hivi, inaondoka kwenye kifaa, lakini majina yaliyokwisha kupanda kwenye seva yanabaki kule kule. Akaunti ikiwa imefunguliwa kwa namba au barua pepe ya ofisi, badilisha sasa hivi uweke ya mwenyewe. Ukishaitoa programu, kazi hii inakuwa na mzunguko.

Tunaingia kwenye kuondoa. Usiishike alama yake kwenye skrini ya mwanzo na kuikokota juu. Kwenye vifaa vingi hapo kuna vitu viwili, kuondoa alama tu na kuondoa programu, na mkono ukiteleza alama inapotea huku programu ipo. Pita Mipangilio, Programu, TikTok, kisha bonyeza kuondoa. Rudi kwenye orodha utafute TikTok Lite, maana ile ni programu mbali. Ukikuta programu haina kitufe cha kuondoa, ina kitufe cha kuzima tu, basi ilikuja na kifaa kutoka kiwandani. Izime. Facebook ndiyo inayokutwa hivyo mara nyingi, na nyuma yake kuna wasaidizi wake kama Meta App Manager na Meta Services, ambao huwaoni mpaka uiambie orodha ionyeshe programu za mfumo.

Kishkwambi kinachotumiwa na watu wawili, tazama kama kina watumiaji wawili. Vuta pazia la juu uone kama pana picha ndogo ya mtu. Programu ikiondolewa kwa mtumiaji mmoja inaweza kuwa bado iko kwa mwenziwe.

Halafu fungua mafaili, sehemu ya vilivyopakuliwa. Huku kwetu programu zinagaiwa kwa Xender, ile ya kurushiana mafaili simu kwa simu, kuliko zinavyopakuliwa, kwa hivyo utakuta faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, limekaa linangoja. Lifute, na Xender uinyang'anye ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana.

Kuitoa ni dakika chache. Kazi ni kuizuia isirudi, maana bando la mradi lina utamu wake. Ofisi yenye vifaa viwili vitatu, kagua kwa mkono kila wiki inatosha. Mkiwa na vifaa ishirini, tumieni mfumo wa kusimamia vifaa kutoka pahala pamoja. Ili mfumo ukishike kifaa chote, lazima kifaa kianze upya kama kilivyotoka dukani. Kwanza toa akaunti ya Google kwenye Mipangilio, ndipo urejeshe hali ya kiwandani. Ukikifuta kwa vitufe vya pembeni na akaunti bado imo, kikiwaka kitakudai akaunti ile ya zamani na nywila yake, na kama mwenyewe ameshaacha kazi, una tofali mkononi.

Kifaa kikiwaka kwenye skrini ya kukaribisha, gonga pahala pamoja mara 6. Kamera itafunguka. Ielekeze kwenye msimbo wa QR uliotolewa na mfumo wenu, iunge Wi-Fi, iachie imalize. Ikikuuliza kama unataka kurejesha programu kutoka nakala ya zamani, kataa, la sivyo TikTok itarudi yenyewe na hutajua imetoka wapi.

Kwenye mfumo, weka programu mlizoziruhusu tu. Hiyo ni salama kuliko kuandika mlizozikataza. Mkilazimika kukataza kwa jina, jina linalotakiwa si lile linaloonekana kwenye skrini. TikTok inaitwa com.zhiliaoapp.musically, TikTok Lite ni jina hilohilo likiongezwa nukta na go, na CapCut ni com.lemon.lvoverseas. Herufi moja ikikosewa, zuio halifanyi kazi na mfumo haukwambii kitu.

Kivinjari je? TikTok inafunguka kwenye Chrome bila ya programu. Ingia kwenye rauta ya ofisi, sehemu ya kuzuia tovuti, andika tiktok.com, tiktokv.com na tiktokcdn.com. Hili linafanya kazi kwenye Wi-Fi ya ofisi tu. Mtu akiwasha data ya laini yake, rauta haina habari. Kwa hivyo zuio la tovuti liwekwe pia kwenye mfumo wa kusimamia vifaa.

Mkiwa na afisa habari anayeendesha ukurasa wa TikTok wa taasisi, mtengeeni simu yake mbali, isiyo na barua pepe ya kazi, isiyo na majina, isiyounganishwa na Wi-Fi ya ndani. Ila kwenye mradi wa Marekani, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla, kwani kanuni haiangalii kama unacheza au unafanya kazi.

Mwisho, fungua orodha ya programu, piga picha ya skrini kuanzia juu mpaka chini, na jina la kila picha liwe namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), ile utakayoipata Mipangilio, Kuhusu kifaa. Andika tarehe kwenye daftari la vifaa, anayekishika atie saini, na picha zile mtumie aliyeleta barua.