Mandhari Ambayo Haipo Popote: Picha za Beate Gütschow

ZUHURA: Karibuni tena. Bakari kanionyesha picha hapa: miti, kibonde, watu wamekaa kwenye majani. Nimemuuliza ni wapi, anacheka tu.

BAKARI: Kwa sababu hakuna mahali hapo, dada! Hiyo ni kazi ya Beate Gütschow, Mjerumani aliyezaliwa Mainz mwaka 1970. Mfululizo wenyewe wa picha unaitwa LS, kifupi cha Landschaft, yaani mandhari kwa Kijerumani. Mti kaupiga huku, kilima kule, wingu kwingine kabisa, halafu kompyuta ndiyo imeviunga.

ZUHURA: Mbona sioni kiungo?

BAKARI: Mwanga. Chukua mti uliopigwa saa tatu asubuhi, uuweke na kilima cha saa kumi jioni, vivuli vitagombana, kimoja kinalala huku, kingine kule. Mtazamaji hawezi kukwambia kasoro iko wapi, ila jicho litakataa. Kisha kuna kimo cha kamera. Mti uupige umechuchumaa, watu uwapige ukiwa juu ya ngazi, hao watu wataelea.

ZUHURA: Kama bi harusi wetu wanaobandikwa mbele ya maporomoko ya maji, viatu havigusi chini.

BAKARI: Ehee! Ila mimi kinachonivuta hasa ni mpangilio. Hapa mbele pameachwa giza kidogo, mti mkubwa kausogeza pembeni, na macho yanapelekwa taratibu hadi kwenye mwanga wa mbali. Ndivyo walivyopanga wachoraji wa karne ya 17, akina Claude Lorrain. Na Claude mwenyewe alikuwa akitoka nje ya Roma kuchora michoro midogo, kisha anarudi kutunga mandhari yake ndani.

ZUHURA: Kumbe tunaona pazuri kwa sababu tulishafundishwa pazuri panafananaje.

BAKARI: Tena wale watu kwenye majani wamevaa nguo za siku hizi. Watazame tena.

ZUHURA: Haya, wazee wa kamera watasema kompyuta imeharibu fani.

BAKARI: Waambie kuhusu Gustave Le Gray, mpiga picha Mfaransa, miaka ya 1850. Kemikali za enzi zile zilishika mwanga wa buluu haraka mno, hivyo ukipata bahari vizuri, anga linatoka jeupe tupu. Akapiga bahari peke yake na anga peke yake, akaziunga negativu mbili, yaani zile za kuchapia picha, pale kwenye upeo wa macho.

ZUHURA: Na Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikata picha na kubandika studioni kwake kwa mkono.

BAKARI: Lakini Bakor alitaka uuone mchezo wake. Gütschow anauficha.

ZUHURA: Aliendelea na miti tu?

BAKARI: Hapana, akaja na mfululizo wa S, yaani Stadt, mji kwa Kijerumani. Nyeusi na nyeupe, majengo ya zege kutoka miji mbalimbali yamewekwa pamoja yakawa mji mmoja mkavu.

ZUHURA: Huo nimeuona, na kusema kweli naupenda kuliko ile miti. Miti inanibembeleza.

BAKARI: Mimi ng'o, nabaki na miti yangu.