Jinsi ya Kumtambua Mungu Aliyechorwa kwenye Sarafu ya Kigiriki ya Kale

Karibuni, watazamaji wapendwa. Shikeni sarafu kwa ukingo wake, mmulike kwa taa iliyowekwa ubavuni ili michoro ijitokeze kwa vivuli, na wala msiisugue hata kidogo. Jambo la kwanza ni kuusahau uso. Mafundi wa Kigiriki waliwapa miungu wengi sura zinazokaribiana mno, hivyo tutaanza na kile kilichovaliwa kichwani, kisha tutatazama ndevu, na mwisho tutageuza upande wa pili.

Tazameni sarafu hii ya fedha ya Athene, ya karne ya 5 K.K., yenye uzito wa gramu 17 na kidogo. Mwanamke aliyevaa chapeo ya vita ni Athena. Chapeo yenyewe ina shungi na majani ya mzeituni, na nyuma yupo bundi, ndege wake. Katika sarafu za Korintho, Athena huyo huyo huvaa chapeo ya namna nyingine, iliyosukumwa juu ya paji la uso hata matundu ya macho yakaonekana juu ya nywele, na upande wa pili yupo Pegasus, farasi mwenye mabawa. Kwa hiyo chapeo hututajia mungu, na mnyama hututajia mji.

Taji la majani ya mloreli lina mtego. Philippos wa Pili wa Makedonia alimweka Zeus mwenye taji hilo kwenye sarafu zake za fedha, na Apollo mwenye taji kama hilo kwenye zile za dhahabu. Hapo ndipo ndevu zinapoamua: Zeus anazo, Apollo kidevu chake ni laini kama cha kijana. Mkikuta mwenye ndevu amevaa taji la majani ya mwaloni badala ya mloreli, yaelekea ni Zeus wa Dodona, mahali patakatifu pake huko Ugiriki, ambako mwaloni ulikuwa mti wake mtakatifu. Poseidon naye ana ndevu, na bila mkuki wake wenye ncha tatu ni rahisi kumdhania ndugu yake Zeus.

Sasa tuje kwenye sarafu inayowakosesha wengi, ile ya fedha ya Alexander Mkuu. Mbele kuna kijana aliyejifunika kichwa kwa ngozi ya simba, na nyuma kuna maandishi ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ. Mtazamaji husoma jina na kudhani kwamba uso ule ni wa mfalme. La hasha: neno hilo maana yake ni “ya Alexander”, yaani linamtaja mwenye sarafu, kama ambavyo maandishi ya miji mara nyingi huwataja wenyeji wake. Kijana yule ni Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyemuua simba wa Nemea akaivaa ngozi yake. Mungu mkuu yuko upande wa nyuma: ni Zeus, ameketi kwenye kiti cha enzi, tai mkononi mwake wa kulia na fimbo ya enzi katika wa kushoto.

Pale ambapo kichwa hakitoi jibu, upande wa pili huwa na msaada. Nyuki wa Efeso ni ishara ya Artemis, na suke la shayiri la mji wa Metapontum humwelekeza mtu kwa Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Huko Rodo, uso unaotazama mbele na nywele zilizotawanyika kama miali ni wa Helios, mungu wa jua, na waridi lililo nyuma ni mchezo wa maneno, maana waridi kwa Kigiriki huitwa rhodon.

Tahadhari moja kwa sarafu za Sirakusa. Yule mwanamke mzuri aliyezungukwa na pomboo, ambaye wauzaji wengine humwita mungu bila kusita, kwa kawaida hutambuliwa kuwa Arethusa, nimfa, yaani roho wa kike, wa chemchemi iliyoko katika kisiwa cha Ortygia, ndani ya mji huo huo.